Kiazi Kitamu Kinataka Maji Kidogo na Moto wa Taratibu

Ukitaja viazi katika Nyanda za Juu Kusini, wengi wetu tunaelewa viazi mviringo, vile vinavyoshushwa kwa magunia kutoka Uporoto na Njombe. Kiazi kitamu kimebaki kuwa chakula cha kujazia, kinachotumbukizwa katika sufuria iliyojaa maji, kikachemshwa kwa moto mkali, kisha kikaletwa mezani kikiwa kimelowa na kupoteza ladha. Mimi hupika viazi vitamu mara kwa mara nyumbani kwangu hapa Mbeya, na ushauri wangu kwa anayetaka kuvifurahia ni huu: punguza maji, punguza moto, na uwe na subira.

Sababu imo ndani ya kiazi chenyewe. Kiazi kitamu kina kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari, na kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi joto linapokuwa kati ya nyuzi 60 na 75 hivi za selsiasi. Kiazi kinachopata joto polepole hukaa katika kiwango hicho kwa muda wa kutosha, nacho huwa kitamu zaidi kuliko kile kilichotiwa moja kwa moja katika maji yanayotokota. Kwa hiyo anza na maji ya baridi. Jambo jingine linahusu mahali tulipo: mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar es Salaam hushangaa kuona viazi vyake bado vigumu katikati wakati kwao vingekuwa vimeshaiva. Dawa yake si kuongeza maji, bali ni kufunika sufuria vizuri na kuongeza muda.

Pale sokoni Mwanjelwa ninapochagua fungu, natafuta viazi vya ukubwa wa kati vinavyolingana ili viive pamoja, na ninakataa kabisa kiazi chenye vitundu vidogo vyeusi vya fukusi. Kiazi kilichoshambuliwa na mdudu huyo hutengeneza uchungu wenye sumu ambao hauondoki kwa kupikwa, hivyo ni heri kukitupa kuliko kuharibu sufuria nzima. Viazi vilivyochimbwa leo havijafikia utamu wake. Viache ndani siku kadhaa, mahali pakavu penye hewa. Usiviweke kwenye friji, na katika baridi ya Juni na Julai, hasa kwa ndugu zetu wa Njombe na Makete, visikae kwenye sakafu ya saruji usiku kucha, kwa sababu baridi kali hukifanya kiazi kiwe na moyo mgumu usioiva hata ukikipika kutwa. Gunia lililowekwa jikoni, juu ya ubao, linatosha.

Namna ninayoipenda kuliko zote ni ya mvuke. Osha viazi vizuri bila kuvimenya, tandika majani ya mgomba chini ya sufuria, kisha panga viazi vikubwa chini na vidogo juu. Tia maji ya baridi yafike theluthi moja tu ya kina cha viazi, nyunyiza chumvi kidogo, funika juu kwa jani jingine, kisha kandamiza kwa mfuniko. Yakishachemka, punguza mkaa. Baada ya nusu saa hivi chomeka ncha ya kisu katika kiazi kikubwa kuliko vyote. Ikipita bila kukwama, vimeiva. Hapo usikimbilie kuepua. Acha maji yaliyobaki yakauke kabisa juu ya makaa hafifu, mpaka usikie sauti ya kutokota imekatika na harufu ya sukari inayoanza kuungua inatoka chini ya mfuniko. Dakika hizo chache za mwisho ndizo zinazokifanya kiazi kiwe kikavu, chenye unga, na kinachostahili chai ya rangi ya Mufindi au maziwa mgando.

Watu wa pwani hupika futari ya viazi kwa tui la nazi na iliki, na ni chakula kizuri sana. Huku kwetu nazi husafiri mbali na bei yake huonyesha hivyo, kwa hiyo mimi hutumia karanga. Kwa kilo moja ya viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vinene, kaanga kikombe kimoja cha karanga, pepeta maganda, twanga ziwe laini, kisha zikoroge katika maji ya uvuguvugu. Chemsha viazi kwa maji kidogo mpaka vikaribie kuiva, mimina karanga, tia chumvi, na pika kwa moto mdogo huku ukitikisa sufuria badala ya kukoroga kwa mwiko, maana mwiko utavivuruga.

Anayepikia kuni mafigani ana bahati, kwa kuwa baada ya chakula cha jioni anaweza kufukia viazi vizima katika majivu ya moto na kuvichimbua baada ya saa moja vikiwa vitamu kupita vya kuchemsha. Hata hivyo, kwa mwenye kisukari ni afadhali vya kuchemsha, kwa sababu vya kuchoma hupandisha sukari ya damu haraka zaidi, na kiasi nacho kizingatiwe. Chipsi za viazi vitamu zinahitaji tahadhari moja: mafuta yakiwa na moto mkali mno, sukari huungua nje kabla ndani hakujaiva.

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa kama Kabode na Mataya, ningependa kila nyumba yenye watoto wadogo ivipate. Rangi hiyo ni kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, lakini hufyonzwa vizuri kikiliwa pamoja na mafuta. Sisi tuna parachichi kutoka Rungwe na Njombe, hivyo ponda kiazi lishe kilichoiva pamoja na kipande cha parachichi, nawe umempatia mtoto aliyeanza kula, mlo ulio kamili zaidi kuliko uji mtupu.

Vikibaki vya jana, vikate vipande vya unene wa kidole na uvigeuze geuze kikaangoni kwa mafuta kidogo ya alizeti mpaka kingo ziwe kahawia. Watoto huvibeba shuleni bila kuhitaji mkate.