Fundi anataka kuziba EGR ya Prado yangu, nimruhusu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Prado ya dizeli, lita 3.0, ya mwaka 2005. Huu ni mwezi wa pili linatoa moshi mweusi nikikanyaga mafuta, kupanda Kimara ni kwa shida, na likisimama kwenye foleni injini inapanda na kushuka yenyewe. Taa ya injini imewaka. Fundi wangu amepima kwa mashine akapata kodi (namba ya hitilafu) P0400, akasema EGR, ile valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, imekufa. Anataka kuiziba kwa kipande cha bati, kwa maelezo kwamba EGR ni kitu cha nchi za baridi, huku kwetu haina kazi, na gari litapata nguvu. Jirani naye ananishauri nimwage dawa ya kusafishia kwenye tenki. Nifuate lipi? (Msomaji, Mbezi)

JIBU: Usifuate lolote kati ya hayo, na uniwie radhi nikiandika kwa ukali, maana haipiti wiki bila gari kuingia gereji kwangu EGR ikiwa imezibwa na mwenyewe bado analia na moshi uleule.

Hilo la nchi za baridi ndilo linaloniudhi kuliko yote. Joto ambalo EGR inalishughulikia ni la ndani ya silinda, dizeli inapowaka, na hupita nyuzi 1,500. Ukiwa Dar au ukiwa kwenye theluji, pale ndani hakuna tofauti ya maana. Kwenye joto hilo naitrojeni na oksijeni za hewa huungana na kuwa gesi kali, na EGR hurudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili moto upungue ukali na gesi hiyo izaliwe kidogo. Ukiziba, gesi yako haisafiri kwenda Ulaya. Inabaki Barabara ya Mandela saa kumi na mbili jioni, anaivuta kijana wa bodaboda aliyesimama nyuma yako na mama mwenye mtoto mgongoni pale kituoni, na inachubua mapafu.

Halafu hiyo nguvu inayoahidiwa. Unapokanyaga mafuta mpaka chini, kompyuta ya gari yenyewe huifunga EGR, kwa sababu wakati huo injini inataka hewa safi yote inayoweza kupata. Kwa hiyo EGR isiyo na kasoro ukiiziba haikuongezei kitu mlimani. Pale mlimani ilikuwa imeshajifunga. Gari likipata nguvu baada ya kuzibwa, jua valvu ilikuwa imekwama wazi au haifungi sawasawa. Hapo umelipa kuficha kasoro ambayo brashi na nusu siku ya kazi vingeimaliza.

Sasa gari lako. P0400 inasema mtiririko wa EGR hauendi kama kompyuta inavyotarajia. P0401 ingesema moshi unaorudi ni kidogo mno, P0402 mwingi mno, P0403 kuna hitilafu kwenye umeme wake. Hakuna hata moja inayosema valvu imekufa. Fundi anayetazama kodi na papo hapo kutaja spea hajapima gari lako, amesoma tu.

Dalili zako zinafanana na valvu iliyokwama wazi, ila moshi mweusi na kukosa nguvu vinaletwa pia na hewa inayovuja njiani, filta iliyoziba, sensa ya hewa iliyochafuka au nozeli (vipulizia dizeli) zinazomwaga. Mwaka jana nililetewa pikapu lenye malalamiko kama yako. EGR ilikuwa imezibwa, nozeli nne zote mpya, na bado lilikuwa linafuka. Nikapitisha mkono chini ya paipu ya mpira inayotoka kwenye intakula (kipoza hewa inayosukumwa na tabo), vidole vikatoka na oili. Upande wa chini, usioonekana ukifungua boneti, kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole gumba unaofunguka pale tu tabo inapopuliza. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa na sensa ilikuwa inatorokea pale, dizeli inabaki nyingi kuliko hewa. Nozeli za watu zilikuwa zimetupwa bure.

Kwa hiyo mwambie fundi aanze na filta, mapaipu na klipu zake, sensa ya hewa. Baada ya hapo mashine itumike kutazama namba zinavyobadilika injini ikiwaka. Gari likiwa limesimama linanguruma, aiamuru EGR ifunguke: kipimo cha hewa safi kinatakiwa kishuke, kwa sababu moshi umechukua sehemu ya nafasi yake. Akiifunga, kinatakiwa kipande tena. Kama amri inabadilika na hewa haijali, ama valvu haitembei ama njia zimejaa. Kama kipimo kiko chini hata anapoamuru ifungwe, haifungi. Na bati nalo lina kazi yake halali hapa: liwekwe kwa muda, gari lizungushwe, moshi ukikata umepata jibu kwamba valvu inavujisha. Kisha litolewe. Ni kipimo, kama kipimajoto. Huendi nacho nyumbani kikiwa kwapani.

Ikithibitika ni EGR, mara nyingi haihitaji kununuliwa mpya. Inahitaji kufunguliwa na kusafishwa, na hapa ndipo uharibifu mwingine unapoanzia. Injini ipoe kabisa, betri ichomolewe, na kama mfumo wako unapitisha maji, yamwagwe kwenye chombo safi. Utakachokiona ndani kitakutisha. Masizi ya EGR hayabaki makavu, hukutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini yakawa kitu kama lami. Nimeona tundu la kupitisha vidole viwili likiwa limebaki la kupitisha penseli. Magari ya foleni ndiyo hujaa upesi, kwa kuwa EGR hufunguka zaidi injini isipobebeshwa mzigo mkubwa, na Mbezi hadi Posta asubuhi ni karibu safari nzima ya namna hiyo.

Ikwanguliwe kwa kijiti cha plastiki au mbao, kisha dawa ya kusafishia kabureta na brashi laini, mara tatu au nne, mpaka kiti cha valvu kionekane chuma chake. Upande wenye mota na soketi usiloweshwe kabisa. Valvu isisukumwe kwa bisibisi, gia za ndani ni ndogo na zinavunjika. Nililetewa moja ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Mtu aliilaza usiku kucha kwenye maji ya kostiki soda. Kostiki inakula alumini. Kasha lilikuwa na vishimo vyeupe kama jino bovu, na uso wa kukalia gasketi umekwisha. Hiyo ndiyo iliyobidi inunuliwe.

Njia za kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, nazo zisafishwe, la sivyo umeosha mlango ukaacha koridoo. Hakuna kipande cha masizi kinachotakiwa kuangukia silinda. Gasketi iwe mpya. Mwisho kodi zifutwe na, kwa magari yanayodai hivyo, valvu ifundishwe upya kwa mashine mahali inapofunga na kufungua. Na wenzangu mafundi, vaeni barakoa na glavu. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, nasi bado tunawaacha vijana wetu wapulize masizi kwa kompresa, uso kwa uso.

Ile dawa ya jirani? Dizeli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Haipiti kwenye EGR wala kwenye manifodi. Unachokimwaga kwenye tenki huenda kikagusa nozeli, lakini lami iliyoganda upande wa hewa hakiifikii.

Nawageukia wenye dizeli mpya zaidi zinazotoka Japani, ambazo zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Ninyi hamtaona moshi mweusi, kichujio kinaumeza. EGR ikikwama wazi, masizi yanazidi, kichujio kinajaa kabla ya wakati wake, na gari linajaribu kuyachoma tena na tena kwa kuongeza dizeli. Sehemu ya dizeli hiyo huteleza kwenye kuta za silinda ikashukia kwenye oili. Aliyezibiwa EGR akafutiwa taa kwa kompyuta huenda hana tena kitu cha kumwonya. Asubuhi, kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha oili ukifute, ukirudishe, ukivute tena. Oili ikiwa imepanda kupita alama ya juu na inanuka dizeli, usiwashe gari hilo. Mwite fundi alipo.