Usilioshe! Udongo wa mwizi na kosa langu la Hombolo

Pampu ya shemeji ilipoibiwa Hombolo, huku Dodoma, wezi walisahau sururu kando ya kisima. Mimi, niliyekaa maabara miaka mingi nikipima udongo wa wakulima, ndiye niliyesema, "Hebu lioshe tuone kama lina alama ya mwenyewe." Kijana akalisugua mpaka likang'aa. Alama hatukuiona. Askari alipofika akaligeuza mara mbili, akauliza, "Nani kalipeleka bafuni hili?"

Usiku ndipo nilipokumbuka, na mpaka leo kinaniuma: kabla ya kuoshwa lilikuwa na udongo wa rangi mbili. Juu ulikuwa mwekundu wa shamba la shemeji. Chini yake, pale mpini unapoingilia chuma, ulikuwa umegandamana mweusi wa mbuga, yaani wa bondeni. Shemeji hana mbuga. Sururu lilikuwa limechimba kwingine kabla ya kuja kwetu, na mimi nilikuwa nimemwaga jibu na maji ya ndoo.

Huku kwetu udongo husema mengi. Teremka kilima chochote cha mawe hapa Dodoma: kwenye majabali utakuta kichanga chepesi, mteremkoni mwekundu, bondeni mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Mpangilio huo Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, aliuita katena katika miaka ya 1930. Humwonyesha mkulima pa kupanda nini. Humwonyesha mpelelezi mtu alikanyaga wapi.

Na alianza wapi, akamalizia wapi. Mwaka 1908 huko Ujerumani, mkemia Georg Popp wa Frankfurt alichunguza viatu vya mshukiwa wa mauaji. Mke wa mshukiwa alikuwa amevisafisha usiku wa kuamkia tukio, kwa hiyo kila tabaka lililokuwa kwenye soli lilikuwa la siku ile. La ndani kabisa lilikuwa na mavi ya bata bukini, kama yaliyokuwa uani kwake. Likafuata la majani, kisha udongo mwekundu uliofanana na wa eneo la mauaji, mwisho makaa, vumbi la matofali na saruji, kama mahali bunduki yake ilipokutwa. Alidai siku hiyo alikuwa shambani kwake. Udongo wa shamba lake haukuwemo hata chembe.

Kwa hiyo ukiibiwa, kitu chochote walichoacha, iwe jembe, katambuga au ndoo, kiache na uchafu wake. Usikwangue, maana ukikwangua umevuruga tabaka. Piga picha kwa simu, zuia watu na mbuzi, ngoja polisi wakichukue wenyewe. Kikipita kwenye mikono ya majirani kumi, wakili atakuuliza maswali usiyoyaweza. Mvua ikikulazimisha kukiondoa, kiweke kwenye karatasi safi au bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na kitu kikaota ukungu.

Polisi wakija, waonyeshe pia njia waliyopita wezi. Sampuli za kulinganishia huchukuliwa juujuu, sehemu kadhaa, kwa sababu soli haichimbi shimo. Rangi hulinganishwa udongo ukishakauka, maana ukilowa hugeuka mweusi zaidi na kukudanganya.

Ila usitegemee miujiza. Wekundu peke yake hauna maana hapa. Nusu ya mji tunatembea na vumbi hilohilo kwenye suruali. Kinachobana ni mchanganyiko: kipande cha tofali, rangi ya geti, salfa iliyopulizwa kwenye zabibu, chavua ya mmea usioota kila mahali. Tena mara nyingi udongo humtoa mtu kuliko kumtia, na hilo nalipenda. Kijana aliyeshikwa kwa kuwa tu ana viatu vichafu anastahili viatu hivyo viangaliwe.

Pampu haijapatikana. Sururu liko kwa shemeji, anachimbia mashimo ya miche ya zabibu. Nikienda hunionyesha chuma chake huku akicheka: jekundu tupu.