Jibu: Wameiba Mbagala, mwenye nyumba anataka kufagia

Pole sana ndugu yangu. Umesema wamekata nondo za dirisha usiku, wakachukua televisheni na simu, na sasa mwenye nyumba anataka kufagia na kurudishia dirisha. Mzuie kwanza! Mimi nilipoibiwa Tabata, majirani waliingia kunipa pole, wakashika kila kitu, mpelelezi alipofika na poda yake ya alama za vidole akaniuliza, "Sasa hapa nachukua za nani?"

Funga chumba. Piga picha dirisha, nyayo na kifaa chochote walichoacha, ila usikiokote. Mwite mjumbe ashuhudie, kisha nenda kituoni ukaandikishe, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Taja saa kadiri unavyokumbuka, maana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatofautisha uvunjaji wa mchana na wa usiku.

Kikubwa ni IMEI, zile tarakimu 15 zinazoitambulisha simu yenyewe. Zipo kwenye boksi. Kama umelitupa, rudi dukani ulikonunua. Beba na risiti za televisheni, kwa sababu kitu kikikamatwa lazima uthibitishe ni chako.

Ukiambiwa utoe hela ya kufunguliwa jalada, usitoe, muone mkuu wa kituo. Na ukimhisi kijana fulani wa mtaani, mtaje kwa mpelelezi tu. Ukipiga yowe la mwizi watamchoma moto, na kesi itakugeukia wewe.