Usiulize ni mfumo gani, iulize folda

Ukianza kazi ya kutengeneza tovuti, hutakaa muda kabla hujaletewa lalamiko hili: picha inaonekana vizuri kwenye laptopu, ikipanda kwenye seva haionekani. Ukifungua kodi unakuta nembo.png; ukifungua folda unakuta Nembo.png. Windows au Mac imeyachukua majina hayo kuwa kitu kimoja, seva ya Linux imeyaona mawili.

Wengi hapo huandika programu inayouliza kwanza jina la mfumo endeshi. Ikiwa ni Windows au Mac, herufi kubwa na ndogo ni sawa. Ikiwa ni Linux, ni tofauti. Njia hiyo iache. Anayeamua hasa ni mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga mafaili, ulio kwenye diski, na siku hizi hata folda moja moja. APFS, mfumo wa faili wa Mac, kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini mwenye mashine anaweza kuiandaa diski itofautishe. Windows 10, tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, inakuruhusu kuwasha utofautishaji kwenye folda moja tu kwa amri ya fsutil. Linux nayo, tangu toleo la 5.2 la kerneli (kiini cha mfumo huo) la 2019, mfumo wake wa faili wa ext4 unaweza kuwa na folda isiyojali herufi kubwa na ndogo. Na flashi yenye mfumo wa faili wa FAT32, hata ukiichomeka kwenye Linux, haikubali Ripoti.txt na ripoti.txt kukaa pamoja.

Basi jaribu mwenyewe. Ndani ya folda ile ile utakayoitumia, tengeneza faili la muda lenye jina la kubahatisha, tuseme jaribio_k7x, kisha tafuta JARIBIO_K7X. Ukilipata, folda haitofautishi. Usipolipata, inatofautisha. Lifute, endelea na kazi. Hakikisha jina lina herufi: jina la tarakimu tupu litakuambia kila mahali kwamba hakuna tofauti. Wala usijaribie /tmp, folda ya mafaili ya muda, kwa kuwa ni rahisi kuandika huko; mara nyingi iko kwenye mfumo wa faili mwingine kabisa.

Huna ruhusa ya kuandika? Chukua faili unalojua lipo, ligeuze herufi, ulitafute. Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, hufanya hivyo hivyo: ikiandaa hazina mpya ya kodi huchungulia kama kuna .git/CoNfIg, ilhali faili iliyoliandika yenyewe linaitwa config. Ikiliona, inaweka mpangilio wake wa core.ignorecase (puuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo) kuwa true, yaani ndiyo. (Thamani hiyo usiichezee kwa mkono, hata ukishauriwa na mkubwa wa ofisi.) Ila kwa faili la zamani, jibu la "lipo" halitoshi, kwani huenda ni mafaili mawili halisi yaliyowekwa na watu wawili. Kwenye lugha ya Python uliza os.path.samefile kama ni lile lile. Usiitegemee os.path.normcase, inayosawazisha herufi za jina kulingana na mfumo endeshi: kwenye Mac inakurudishia jina kama ulivyolitoa, ingawa diski haitofautishi.

Ukitaka kuliona tatizo kwa macho, nakili kwa Git kodi ya kerneli ya Linux kwenye Mac ya kawaida. Kwenye folda yake ya net/netfilter kuna xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c, mafaili mawili yenye kazi tofauti, na diski yako itabakiza moja. Git itakuambia mafaili yamebadilika kabla hujagusa chochote. Kwa mradi wa namna hiyo, tenga kwanza sehemu ya APFS inayotofautisha herufi, ndipo unakili.