Maswali ya Wasomaji: Tembo Kapanda Baiskeli, Mtoto Hacheki

Barua za safari hii zinahusu vitabu vya picha vya wanyama wachekeshaji na watoto wa chini ya miaka mitano.

Swali: Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Nilimsomea kitabu ambacho tembo anapanda baiskeli na magurudumu yanabondeka. Nilicheka peke yangu. Yeye alinitazama tu. Ana tatizo? — Mama Anayecheka Peke Yake

Jibu: Hana tatizo, mama. Utani huo unamchekesha anayejua tayari kwamba tembo ni mzito na kwamba baiskeli haiwezi kumbeba. Kama kwa mwanao tembo bado ni jina la picha tu, hana cha kulinganisha nacho, na kichekesho chote kimo katika ulinganisho huo. Mwonyeshe kwanza tembo wa kweli kwenye picha: mguu wake unavyolingana na shina la mti, mtu akisimama kando yake anafika wapi. Siku chache baadaye rudi kwenye baiskeli.

Halafu kuna suala la namna ya kusoma, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Katika vitabu hivi maneno na picha mara nyingi havisemi kitu kimoja: maandishi yanasema paka amelala kwa adabu, picha inamwonyesha akining'inia kwenye pazia. Wewe msomaji unatazama maandishi, mtoto anatazama picha. Ukimaliza sentensi na kufunua papo hapo, umemnyang'anya kichekesho kabla hajakifikia. Kwa hiyo ukifika ukurasa unaotangulia kichekesho, shika pembe ya karatasi, mtazame usoni, ngoja sekunde tatu hadi tano. Funua. Kisha nyamaza tena. Mtu mzima huona kimya hicho kirefu mno, lakini mtoto wa umri huu anahitaji muda huo kuzungusha macho ukurasa mzima.

Akisema neno, hata moja, lichukue ulikuze. Yeye: "Tembo!" Wewe: "Ndiyo, tembo. Tembo mzito amepanda baiskeli ndogo." Kisha uliza: "Gurudumu limefanya nini?" Akijibu, mwache arudie sentensi ndefu kidogo pamoja nawe. Njia hii ya kusoma kwa mazungumzo ilijaribiwa na mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Watoto walikuwa wa kati ya miezi 21 na 35, na waliosomewa hivyo kwa mwezi mmoja waliwazidi wenzao katika kujieleza. Epuka maswali ya ndiyo au hapana, na usiulize kila ukurasa. Swali moja kwa kurasa mbili linatosha. Zaidi ya hapo kitabu kinageuka mtihani, na mtoto atashuka mapajani aende zake.

Asipocheka, usimweleze kwa nini ilipaswa kuchekesha. Utani uliofafanuliwa umeshakufa. Jaribu badala yake kukosea makusudi: mwonyeshe ng'ombe anayemfahamu vizuri, useme, "Huyu kuku anataka nyasi." Atapiga kelele, "Siyo kuku!" Huo huwa utani wa kwanza ambao mtoto anaumiliki, kwa sababu safari hii anayejua ni yeye. Sharti ni kwamba mtoto awe anamjua mnyama huyo tayari, na sauti na uso wako vioneshe unatania. Ukikosea jina la mnyama mgeni kwake, umemfundisha jina la uongo.

Swali: Mjukuu wangu wa miaka mitatu anataka kitabu kilekile cha bata anayechelewa, kila siku, mara mbilimbili. Nikiruka hata mstari mmoja ananirudisha. Nimekichoka. Nikifiche? — Bibi wa Mjukuu Mmoja

Jibu: Shikamoo bibi. Usikifiche, maana kurudia huko kuna kazi. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walilinganisha watoto wa miaka mitatu: waliorudiwa hadithi zilezile walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo, mara zilezile, katika hadithi tofauti. Mtoto anayejua kitakachotokea hahangaiki tena kufuata kisa, anabaki na nafasi ya kusikiliza maneno.

Ili usichoke, mwachie yeye kibwagizo. Soma hadi neno la mwisho la mstari unaojirudia, unyamaze, atalimalizia. Mkikizoea kitabu hivyo, mgeuzie kitu kimoja tu: bata alie kama mbuzi, au sauti ya jogoo iwe nzito kama ya simba. Kimoja tu. Ukibadilisha mengi anaona umekiharibu kitabu chake, na hasira hiyo anayo haki nayo. Kitabu kipya kiingize baada ya kile cha zamani, kamwe si badala yake.

Swali: Wangu ana miezi saba. Anatafuna kitabu na kukipigapiga. Kuna maana kuendelea? — Baba Mwenye Vitabu Vilivyolowa

Jibu: Ipo. Kwa umri huo mdomo ni chombo cha kuchunguza, na kichekesho ni uso wako, si kisa. Tumia kitabu cha kurasa ngumu, mnyama mmoja mkubwa kila ukurasa, rangi zinazotofautiana waziwazi na nyuma yake. Mpakate mkitazamana, toa sauti ya mnyama, ngoja naye atoe yake. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Akigeuza uso au kujinyonganyonga, funga.

Swali: Je, wanyama wanaozungumza na kuvaa suruali hawampotoshi mtoto? Wangu ana miaka minne. — Mzazi Mwenye Shaka

Jibu: Kwa kicheko, hapana. Kwa elimu ya wanyama, kidogo. Mwaka 2014 mtafiti Patricia Ganea na wenzake walionyesha kwamba watoto waliosomewa habari za mnyama mgeni kwa lugha ya kumfanya kama mtu waliwapa wanyama zaidi hulka za kibinadamu, na ukweli kuhusu mnyama huyo ulishikika kidogo. Basi kitabu cha utani kisibebe mzigo wa somo. Weka kando yake kitabu cha picha halisi, na mkimaliza fungueni vyote viwili: "Huyu anavaa suruali. Na yule?" Mtoto wa miaka minne hupenda kupanga kipi cha kweli na kipi cha uongo, na hapo huongeza uongo wake mwenyewe.

Swali: Vitabu vya vidirisha vya karatasi vya kufunua na vile vya vitufe vya sauti vina faida zaidi? — Mlezi

Jibu: Vinashika mikono ya mtoto, lakini mara nyingi akili yake hufuata kidirisha ikaacha mnyama. Tunavipenda kama mchezo, si kama kitabu cha kujifunzia majina. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu vuta kila kidirisha kabla hujampa. Kikining'inia kiondoe, maana atakitia mdomoni.

Cha sauti kikague zaidi. Nyingi hutumia betri bapa za duara kama za saa. Kifuniko kiwe kimefungwa kwa skrubu. Kikifunguka kwa ukucha, kitabu hicho kisiingie nyumbani. Betri ikikwama kooni huunguza nyama za umio (njia ya chakula) ndani ya saa mbili, hata kama mtoto haonekani mgonjwa. Ukishuku amemeza, nenda hospitali papo hapo wala usimtapishe.

Swali: Kitabu kina kurasa 32 na mtoto wa miaka miwili hamalizi. Nitafute kifupi? — Msomaji

Jibu: Kurasa 32 ni kipimo cha uchapaji, hutokana na jinsi karatasi kubwa inavyokunjwa, hakikuwekwa kwa ajili ya pumzi ya mtoto. Chagua kurasa nne au tano zenye picha anazozitaka, simulia kwa maneno yako, acha maandishi. Akitaka kuanzia mwisho, anzeni mwisho.