Barua kwa mwanangu: kwa nini hatumpimi kila mtu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Umenieleza kwamba rafiki yako uliyesoma naye, ambaye hajavuta sigara hata siku moja, amegundulika kuwa na saratani ya mapafu akiwa na umri wa miaka 38, nayo imekwisha kusambaa hadi kwenye mifupa. Kisha ukaniuliza: "Mama, umeutafiti ugonjwa huu zaidi ya miaka ishirini. Kama kipimo cha CT kinaona uvimbe mdogo kiasi hicho, mbona hamtupimi sote? Na mimi nikapime lini?" Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu jibu fupi la swali hilo lingekufikia kama ukatili.

Nianze na kazi yenyewe ilivyo. Kipimo cha CT cha kifua hutumia mionzi kutoa mamia ya picha za vipande vyembamba vya mwili, nami huvipitia kimoja baada ya kingine, kutoka kilele cha pafu hadi chini, nikikagua kila kidoa cheupe. Mshipa wa damu uliokatwa kwa upana wake huonekana kama kidoa cha duara, lakini ukiufuata katika vipande vya mbele utauona unapinda, unarefuka, unagawanyika. Kinundu, yaani kijivimbe kidogo ndani ya pafu, hakiendi popote. Hujitokeza, hutanuka kidogo, kisha hutoweka, na pafu likaendelea kuwa jeusi kana kwamba hakikuwapo. Nikikiona moyo hunidunda hadi leo. Hata hivyo, kukiona hakuniambii ni kitu gani, kwa maana kinaweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, tezi ndogo isiyo na madhara, alama ya maambukizi yaliyokwisha kupona, au saratani.

Nilipoanza kazi hii niliamini, kama unavyoamini wewe, kwamba kuugundua ugonjwa mapema ni sawa na kumwokoa mgonjwa. Kilichonifungua macho ni utafiti ulioanza miaka ya 1970 katika kliniki ya Mayo, Marekani, uliowafuatilia zaidi ya wanaume 9,000 waliokuwa wakivuta sigara kwa wingi. Kundi moja lilipigwa eksirei ya kifua na kupimwa makohozi kila baada ya miezi minne kwa miaka sita. Kundi la pili lilishauriwa tu kupima mara moja kwa mwaka. Katika kundi la kwanza ziligunduliwa saratani 206, na katika la pili 160. Isitoshe, waliogunduliwa katika kundi la kwanza walionekana kuishi muda mrefu zaidi tangu siku ya kugunduliwa. Lakini walipohesabiwa waliokufa kwa saratani ya mapafu, kundi la kwanza lilikuwa na vifo 122 na la pili 115.

Naomba utulie kidogo juu ya hesabu hiyo, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Chukua watu wawili wenye ugonjwa ule ule, ambao wote watafariki wakiwa na miaka 65. Mmoja anagunduliwa akiwa na miaka 63 na mwingine akiwa na 59. Vitabuni itaandikwa kwamba wa pili ameishi miaka sita na wa kwanza miwili, ilhali hakuna aliyeongezewa hata siku moja. Kilichoongezeka ni muda wa kujua kwamba anaumwa. Zaidi ya hapo, zipo saratani zinazokua polepole mno, ambazo pengine zisingemsumbua mwenye nazo mpaka anakufa kwa jambo jingine, na vipimo vya mara kwa mara huzinasa hizo kwa urahisi kuliko zile kali zinazochipuka katikati ya kipimo na kipimo.

Ndiyo maana ilibidi kufanya majaribio makubwa, ambamo watu hugawanywa kwa bahati nasibu na kinachohesabiwa mwishoni ni vifo. Marekani ilifanya hivyo kwa watu 53,454 wa umri wa miaka 55 hadi 74, wote wavutaji wa muda mrefu au walioacha si zamani sana, ikilinganisha CT ya mionzi kidogo na eksirei. Matokeo yalitoka mwaka 2011: vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa 20%. Nakumbuka niliyasoma nikiwa nimesimama, nikasahau kukaa. Mwaka 2020 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji ulionyesha upungufu wa 24% kwa wanaume baada ya miaka kumi. Kwa hiyo kipimo kinaokoa, mwanangu, na ninalisema hilo bila kusita kwa yeyote aliyevuta kwa miaka mingi. Marekani tangu mwaka 2021 hupendekeza kipimo cha kila mwaka kwa wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, ikiwa bado wanavuta au hawajatimiza miaka 15 tangu waache.

Sasa utazame upande wa pili. Katika utafiti ule wa Marekani karibu robo ya vipimo vya CT vilionyesha kitu cha kutilia shaka, na zaidi ya 96% ya hivyo havikuwa saratani. Katika miaka yangu ya mwanzo, mzee mmoja aliyekubali kushiriki katika utafiti wetu alikutwa na kinundu, akachomwa sindano ili kuchukua kinyama, hewa ikavuja ndani ya kifua na pafu likasinyaa, akalazwa siku tisa akiwa na mpira wa kutolea hewa ubavuni. Majibu yalipotoka, lilikuwa ni kovu la zamani. Alikuja kwetu akitembea, mzima kabisa, kwa kutuamini. Ni kwa ajili ya watu kama yeye nilijitumbukiza katika kupima ukuaji wa vinundu. Kinundu cha milimita 8 kikifika 10 macho hayaoni tofauti kubwa, kumbe ujazo wake umekaribia maradufu. Watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji walipima ujazo na kurudia kipimo baada ya miezi michache kabla ya kumgusa mtu, na ni 2.1% tu ya vipimo vyao vilivyoishia kumpeleka mtu kwa uchunguzi zaidi.

Mtu wa umri wako asiyevuta ana vinundu visivyo na maana kama watu wengine, lakini saratani kwake ni adimu mno, na hivyo karibu kila mashaka yatakuwa ya bure. Taiwan wamewapima zaidi ya watu 12,000 wasiovuta, wa miaka 55 hadi 75 na wenye sababu nyingine za hatari, hasa saratani ya mapafu katika ukoo, wakakuta saratani kwa 2.6%. Utafiti huo naufuatilia kwa hamu, ila haukuwa na kundi la kulinganisha, na baada ya somo la Mayo siwezi kuridhika na idadi ya waliogunduliwa peke yake. Kwa hiyo usiende kupima sasa. Ukipata kikohozi kisichoisha kwa wiki tatu, au ukaona damu kwenye makohozi, hapo usingoje hata siku moja.

Kuhusu rafiki yako kuna jambo la haraka. Mwaka 2004 watafiti wa Boston na New York waligundua kwa nini gefitinibu, dawa ya saratani ya mapafu, iliwasaidia wachache kwa namna ya kushangaza huku wengi isiwafae kitu: uvimbe wa wale wachache ulikuwa na mabadiliko katika jeni ya EGFR, yanayoifanya seli ipokee amri ya kugawanyika bila kukoma. Mabadiliko hayo huonekana zaidi kwa wasiovuta. Mwaka 2007 Hiroyuki Mano na wenzake nchini Japani wakagundua katika saratani ya mapafu muunganiko wa jeni ya ALK na jeni nyingine, nao una vidonge vyake. Dawa hizi kwa kawaida haziponyi saratani iliyokwisha kusambaa, na mara nyingi uvimbe hujifunza kuzikwepa, lakini zinaweza kumpa mtu miaka ya kuishi akiwa na nguvu zake.

Basi muulize leo kama kinyama chake kimepimwa jeni hizo kabla hajaanzishiwa matibabu mengine. Kama kilichochukuliwa hakitoshi, baadhi ya mabadiliko hayo yanaweza kutafutwa katika damu. Akiridhia, nitumie ripoti yake yote, pamoja na ukurasa wa mwisho ambao watu huuacha, kwa sababu mara nyingi majibu ya jeni huandikwa huko. Nitaisoma usiku huohuo.

Mama yako