Ukijiandaa kwa triathlon ukiwa Dar, anza na jedwali la maji

Ratiba nyingi za triathlon, yaani mbio za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, zinazopatikana mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bwawa la kuogelea jirani na kwake. Jumanne alfajiri ogelea, Alhamisi ogelea, Jumapili ogelea mbali. Anayeishi Dar es Salaam na kutegemea bahari hataifuata ratiba hiyo hata mwezi mmoja, maana maji yana saa zake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: pata kwanza jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Dar, kisha ndipo upange wiki yako.

Mimi najiandaa kwa mbio za Ironman 70.3 za Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Ni kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia. Zilifanyika huko kwa mara ya kwanza Agosti 2022, na kwangu zina uzuri wa pekee: naweza kupanda basi na baiskeli yangu nikafika.

Turudi kwenye maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua. Siku hizo maji ya Dar hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ukifika ufukweni saa nne asubuhi utakuta mawe na mwani, bahari iko kule mbali. Wiki inayofuata ni maji mafu. Hapo hujaa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, hayapandi sana wala hayatoki sana, na mkondo wake ni mpole. Kwa hiyo wiki ya bamvua naogelea jioni baada ya kazi, muda mfupi na kwa nguvu, nikibaki karibu na ufukwe kwa sababu maji yanayotoka huvuta. Mwisho wa wiki hiyo naupa baiskeli. Maji mafu yakiangukia Jumamosi, naingia baharini saa tatu asubuhi na kuogelea mwendo mrefu bila haraka. Utaona kwamba wiki ya kuogelea na wiki ya baiskeli zinapokezana zenyewe, na mwili unapata nafasi ya kupumzika upande mmoja huku ukijenga mwingine. Kwa mpango huu, mita 1,900 ambazo zilikuwa zikinichukua zaidi ya saa moja sasa namaliza kwa dakika 48. Kikomo cha kuogelea katika mbio za umbali huu kwa kawaida ni saa 1 na dakika 10, kwa hiyo nina nafasi ya kupumua.

Usiogelee peke yako hata siku moja. Funga kiunoni boya la rangi kali ili wenye boti wakuone, na kabla ya kuingia waulize wavuvi wa hapo mkondo unaelekea wapi leo. Wanajibu vizuri sana ukiwasalimu kwanza.

Upepo nao una mpango wake. Njia yangu ya baiskeli ni Kigamboni kuelekea Kimbiji, naondoka alfajiri kabla ya malori. Wakati wa kusi unaenda ukipambana na upepo na kurudi ukisukumwa, jambo jema kwa anayetaka kukimbia mara tu anaposhuka kwenye baiskeli. Kaskazi ni kinyume: unaenda kwa raha, halafu unarudi upepo uko usoni na jua limeshapanda. Msimu huo beba maji mara mbili ya unavyodhani, weka chumvi kidogo na ndimu, na tende mfukoni. Ule kila nusu saa, usisubiri njaa.

Kuna mambo ambayo pwani haiwezi kukufundisha. Kivu ni maji matamu, hayakubebi kama bahari, miguu inazama. Hilo nitalifanyia kazi bwawani wiki za mwisho, gharama yake nimeshaitenga. Rwanda wanaendesha kulia, kwa hiyo kwenye mbio unakaa kulia na kupita kushoto, kinyume cha mazoea yetu. Katika mwendo wa kasi mazoea ndiyo huamua, basi jizoeze kugeuza kichwa na kutazama nyuma kupitia bega la kushoto. Tena ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huko kuna milima.

Dar hatuna mlima wa maana. Ndiyo sababu kabla ya Rubavu nakwenda Lushoto, ambako ni karibu na kimo kilekile, kupanda barabara ya kutoka Mombo, kama kilomita 33 za lami na kona. Siku za kwanza nitapanda kwa kusikiliza pumzi, saa nitaifunika. Fundi ameshanifungia gia kubwa ya nyuma yenye meno 32, na nakusihi nawe ufanye hivyo ukitoka pwani: magoti yatakushukuru. Breki pia zikaguliwe, mpira mpya mbele na nyuma, kwa sababu kushuka kwenda Mombo ni kazi ngumu kuliko kupanda, na mabasi yanatumia kona hizohizo.